Ghorofa zilizotokeza za Strasbourg: mbao zile zinabeba nini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwenyeji wa Malindi, nina mwaka wa pili hapa Strasbourg, Ufaransa. Kila siku napita mbele ya ile Nyumba ya Kammerzell karibu na kanisa kuu, na kila nikiitazama nashangaa: ghorofa ya kwanza imetokeza mbele kuliko chini, ya pili imetokeza kuliko ya kwanza, na ya tatu tena. Mbona haianguki? Mbao zile za ukutani zinabeba kweli au ni pambo tu? Nauliza pia kwa hofu yangu mwenyewe. Chumba nilichopanga kiko kwenye nyumba ya aina hiyo hiyo, ndogo na isiyo na jina, na sakafu imeinama hata chungwa likianguka linabingirika mpaka ukutani. Sasa mwenye nyumba anataka kuukandika ukuta wa nje kwa saruji ili “uimarike”. Niwe na wasiwasi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nitaanza na lile linalokukosesha usingizi. Sakafu iliyoinama katika nyumba ya umri huo ni jambo la kawaida, na hapo chini nitakuonyesha namna ya kujua kama bado inasogea au ilishatulia zamani. Saruji ndiyo inayonitia hofu. Mwombe mwenye nyumba asubiri, usome haya, kisha mzungumze.

Ukitaka kuzielewa nyumba hizi, shika jambo moja: kuta zake hazibebi kitu. Mzigo wote uko kwenye kiunzi cha mbao. Wewe umekulia Malindi, kwa hiyo umewahi kuona nyumba ya miti na udongo baada ya masika mabaya. Udongo umeporomoka, fito zimebaki wazi kama mbavu, na paa bado liko juu. Nyumba za Strasbourg ni ndugu wa hiyo. Tofauti ni kwamba kwetu nguzo huchimbiwa ardhini, na ndiyo maana mchwa na unyevu huzimaliza kuanzia chini. Kule nguzo husimama juu ya boriti nene iliyolazwa juu ya msingi wa mawe, na kila mti hukamatana na mwenzake kwa kiungo kilichochongwa na seremala, pasipo kamba. Nafasi zilizobaki kati ya miti walizijaza kwa vijiti vya mwaloni vilivyopasuliwa na fito zilizosukwa, wakakandika udongo uliochanganywa na majani makavu ya nafaka, halafu wakapaka chokaa. Bibi yako angeitambua kazi hiyo hata angekuwa hajapata kutoka nje ya pwani.

Sasa tuitazame Kammerzell. Chini ni mawe: sehemu hiyo ni ya mwaka 1467, yenye matao mapana ambayo yalifaa kwa biashara. Mwaka 1571 nyumba ilinunuliwa na mfanyabiashara wa jibini aliyeitwa Martin Braun. Aliuacha ukuta wa mawe ulivyo, akaziondoa ghorofa za juu, na kufikia 1589 alikuwa amesimamisha kiunzi kipya cha mbao cha ghorofa tatu, na juu yake paa refu lenye mwinamo mkali. Jina la Kammerzell halikutoka kwake. Lilitoka kwa mwenye duka wa karne ya 19. Tangu 1879 nyumba ni mali ya taasisi inayotunza kanisa kuu, na leo ni mkahawa.

Simama mbele yake uhesabu madirisha. Yako 75, yamepangana mstari kwa mstari, yana vioo vidogo vya mviringo vilivyoshikwa kwa madini ya risasi. Hapo ndipo jibu la swali lako la pili lilipo. Katika ukuta wa mawe, kila dirisha ni tundu linaloudhoofisha ukuta, hivyo fundi huyaacha machache na kuyatenganisha. Katika kiunzi cha mbao, mzigo unashuka kwenye nguzo, na nafasi iliyo kati ya nguzo mbili unaweza kuijaza udongo, ukaijaza vioo, au ukaiacha wazi. Braun alichagua vioo. Kisha zile mbao zilizo kati ya madirisha, ambazo ndizo zinazobeba, akazichongesha: hisi tano za mwanadamu, umri wa mtu tangu utoto hadi uzee, alama za nyota kumi na mbili, mashujaa wa kale, wapiga muziki. Kwa hiyo pambo lipo, na limechongwa juu ya mbao zenye kazi. Huwezi kuling'oa pambo ukaiacha nyumba imesimama.

Katika nyumba za kawaida kama yako hakuna nakshi nyingi hivyo, na mimi huzipenda zaidi kwa sababu kiunzi kinaonekana wazi. Tazama mbao za mshazari. Chukua vijiti vinne uvigongomelee viwe mraba, halafu usukume kona moja: mraba unalala. Ongeza kijiti cha tano kutoka kona hadi kona na hautalala tena. Hiyo ndiyo kazi ya kila mshazari unaouona ukutani, kuuzuia upepo usiilaze nyumba upande. Maseremala wa Alsace, eneo la Ufaransa ambamo Strasbourg imo, walikuwa na mtindo wa kuzipanga mbao hizo kwenye nguzo, mbili zikipanuka chini kama miguu na mbili zikipanda juu kama mikono, na umbo hilo wakaliita “Mann”, yaani mtu. Ukishalijua umbo hilo utaliona kila mtaa. Chini ya madirisha utakuta mbao zilizopinda na kupishana kama miguu ya kiti cha kukunja, na pengine umbo la almasi. Watu wamezipa alama hizi maana nyingi, za rutuba na za heshima ya mwenye nyumba. Huenda mwenye nyumba alizipenda kwa maana hizo, ila seremala alizitia pale palipohitaji kukazwa.

Viungo vyenyewe ni ulimi na tundu. Ncha ya mti mmoja huchongwa iwe ulimi, mti wa pili hutobolewa tundu kwa keekee na patasi, ulimi unaingia, kisha kigingi kinapigwa kupita katikati ya vyote viwili. Ila tundu la kigingi kwenye ulimi hutobolewa likiwa limepishana kidogo na lile la kwenye nguzo. Kigingi kikigongwa hulazimika kupinda kidogo, na kwa kupinda huko huuvuta ulimi ndani mpaka mabega ya miti yagusane. Kiungo kinajikaza chenyewe bila gundi wala msumari. Mwaloni ulichongwa ukiwa mbichi kwa sababu ukikauka huwa mgumu mno kwa shoka na patasi, lakini vigingi vilikuwa vya mti uliokwisha kukauka. Miaka inavyopita miti mibichi hukauka, husinyaa na kujipinda, nayo hukibana kigingi zaidi. Kwa hiyo ukiona nguzo imejipinda kama imechoka, mara nyingi imekuwa hivyo tangu miaka yake ya mwanzo.

Nikuonyeshe kitu ambacho wapita njia wengi hawakioni. Nenda kwenye nyumba yoyote ya zamani ambayo mbao zake hazijapakwa rangi nzito, usogee mahali nguzo inapokutana na boriti, utazame kwa karibu. Ukibahatika utaona mikwaruzo midogo ya patasi: II, III, IIII, pengine na kijimkia pembeni. Kiunzi chote kilichongwa kwanza kwenye uwanja wa seremala, kikalazwa chini na kujaribiwa, kila kiungo kikatiwa alama yake, kisha kikafunguliwa, kikapakiwa kwenye mikokoteni na kusimamishwa mahali pake. Nne waliiandika kwa mistari minne kwa sababu mti hugeuzwa huku na huku, na IV ukiigeuza chini juu inasomeka kama VI. Mimi nikiziona alama hizo husimama hata kama nina haraka. Ni barua ya fundi kwa fundi mwenzake.

Kwa sababu hiyo hiyo, nyumba iliyosimamishwa kwa kuunganishwa inaweza kushushwa kwa kufunguliwa. Huko Alsace, nyumba za namna hii zilihesabiwa zamani kuwa mali inayohamishika, tofauti na ardhi iliyo chini yake. Ukipata Jumamosi, panda treni uende upande wa Mulhouse, kwenye makumbusho ya wazi ya Ungersheim yaliyofunguliwa mwaka 1984. Makumi ya nyumba zilizokuwa zikingoja kubomolewa vijijini zilifunguliwa mti kwa mti, zikahesabiwa na kusimamishwa upya pale. Huko utaona ukuta ulioachwa nusu wazi, fito na udongo wake, na utaelewa kwa dakika moja haya ninayoyaeleza kwa kurasa.

Turudi kwenye kutokeza. Chukua ubao mwembamba uuweke juu ya matofali mawili, ncha zake zipite nje kidogo. Bonyeza katikati: unabonyea. Sasa mwombe mtu abonyeze ncha zile zilizopita nje, na katikati panainuka. Boriti za sakafu za ghorofa ya kwanza zimelala hivyo hivyo juu ya ukuta wa chini, na ncha zake zimetoka nje. Ukitazama chini ya kila mtokezo wa nyumba kama yako utaziona zimejipanga kama vichwa. Juu ya ncha hizo umekalishwa ukuta wa ghorofa ya juu. Uzito wa ukuta unakandamiza ncha, na kwa kuzikandamiza unazuia katikati ya sakafu isibonyee kwa watu, vitanda na magunia. Unachokiogopa wewe, ule uzito ulioning'inia nje, ndicho kinachoisaidia sakafu unayoikanyaga. Kuna mpaka, bila shaka. Ukitokeza mno boriti itavunjika shingoni, na mafundi walijua mpaka huo kwa uzoefu.

Utasikia waongoza watalii wakisema watu walijenga hivyo kukwepa kodi ya kiwanja. Ni kweli kwamba ndani ya kuta za mji kiwanja kilikuwa ghali, na kila ghorofa iliyotokeza iliongeza nafasi ambayo ardhi haikuitoa. Lakini seremala alikuwa na sababu zake pia. Nguzo moja ikipanda kutoka chini hadi paani, kwenye kila sakafu hutobolewa matundu ya boriti zinazoingia kutoka pande mbili, na pale ndipo hudhoofika. Tena mwaloni mrefu ulionyooka haupatikani kila siku. Ukiijenga kila ghorofa kama sanduku lake lililokalia sanduku la chini, nguzo fupi zinatosha na matundu yanapungua. Ujenzi wa kizamani zaidi wa nguzo ndefu bado unaweza kuuona Quedlinburg, Ujerumani, katika nyumba ya mtaa wa Wordgasse ambayo mbao zake zilihesabiwa pete za miaka na kuonekana zilikatwa miaka ya 1346 na 1347. Leo ni makumbusho ya ujenzi wa aina hii. Faida nyingine ni ndogo lakini ya kila siku: maji ya mvua yanadondoka kutoka ukingo wa ghorofa ya juu na kuanguka mbali na ukuta wa chini.

Hatari ya kweli ya kutokeza ilikuwa moto. Nyumba mbili zinazotazamana zikitokeza, paa zake hukaribiana, na moto huruka. Strasbourg iliungua vibaya mwaka 1298, na mji ukaja kuweka kipimo cha mwisho cha kutokeza. Kipimo hicho kipo hadi leo, kimechongwa kwenye jiwe la kanisa kuu upande wa kusini, na maandishi ya Kijerumani cha kale yanayosema hiki ndicho kipimo cha kutokeza. Unapita karibu nacho kila siku. Kitafute: fundi aliyekuwa na ubishi na jirani yake alipelekwa pale akapimiwa. London ilifika mbali zaidi. Baada ya moto wa 1666, sheria ya mwaka uliofuata ilitaka kuta za nje ziwe za matofali au mawe. Hata hivyo boriti nene ya mwaloni yenyewe haiungui upesi. Moto huila takriban nusu milimita kwa dakika, na makaa yanayojijenga nje huukinga moyo wa mti. Kilichoiteketeza miji ilikuwa majani ya mapaa, nyasi kavu za mifugo na vichochoro vyembamba.

Sasa chumba chako. Mti uliobeba mzigo kwa karne nyingi hubonyea polepole na hubaki hivyo hata ukiuondolea mzigo, ndiyo maana chungwa lako linabingirika. Ninachotaka kujua ni kama kuna jambo jipya. Je, mlango uliokuwa ukifunga vizuri ulipohamia sasa unakwama? Kuna ufa wenye kingo safi, zisizo na vumbi wala rangi ya zamani? Kama upo, bandika juu yake kipande chembamba cha plasta ya jasi, uandike tarehe kwa kalamu. Kikipasuka baada ya miezi michache, nyumba inasogea, na hapo ni kazi ya mhandisi wa majengo. Kisipopasuka, lala usingizi. Tazama pia chini ya mifereji ya paa na kwenye kona iliyo karibu na bafu: madoa ya maji, harufu ya kuvu, unga mweupe mpya chini ya matundu madogo ya wadudu. Matundu ya zamani yasiyotoa unga hayanisumbui. Mwisho chukua bisibisi, ukiruhusiwa, uchomeke taratibu kwenye ncha ya boriti pale inapoingia ukutani na kwenye boriti ile ya chini kabisa iliyolala juu ya mawe. Mwaloni mzima utakukataa.

Na saruji. Miaka kadhaa nyuma niliitwa kuangalia nyumba ya ghorofa mbili ambayo ukuta wake wa mbele ulikuwa umepigwa plasta ya saruji na fundi mmoja, kwa nia njema kabisa, ili mbao “zisinyeshewe”. Kwa nje ilipendeza. Tulipobandua plasta karibu na ardhi nilichomeka bisibisi kwenye boriti ya chini ikazama mpaka mpini, na nilipoichomoa ilitoka na kitu cheusi, kilaini, kama majani ya chai yaliyokwisha kutumika. Nguzo tatu zilikuwa zinaning'inia kwenye vigingi vyake. Boriti ile ilikuwa imekaa salama karne mbili kabla ya plasta.

Sababu yake ni rahisi. Mbao hupanuka zikipata unyevu na husinyaa zikikauka, msimu kwa msimu. Udongo na chokaa ni laini, vinafuatana nazo, na maji yakiingia yanatoka tena kama mvuke. Saruji ni ngumu. Inapasuka uzi mwembamba pale inapokutana na mti, mvua inaingia kwa uzi huo, kisha haina pa kutokea. Maji yanashuka ndani mpaka kwenye boriti ya chini na kukaa hapo. Ugonjwa huu unaujua hata usipodhani unaujua: ndio unaozisumbua kuta za mawe ya matumbawe na chokaa za Mji Mkongwe wa Zanzibar zinapopigwa plasta ya saruji, unyevu ukafungiwa ndani na ncha za boriti za mikoko zikaozea ukutani.

Kwa hiyo mwambie mwenye nyumba hivi, kwa adabu: ukuta wa nyumba hii haubebi, hivyo kuupa ugumu hakuimarishi chochote. Kama udongo umelegea, ubanduliwe ule uliolegea tu, ujazwe udongo mpya wenye majani makavu, uachwe ukauke vizuri, kisha upakwe plasta ya chokaa ambayo inaishia sawa na uso wa mbao au ndani yake kidogo, isizipande mbao. Ikizipanda inatengeneza kijirafu cha kukusanyia mvua. Kama mguu wa nguzo umeoza, seremala anayezijua kazi hizi anaweza kuitegemeza nyumba, akakata sehemu iliyooza, akaunga mwaloni mpya kwa kiungo kirefu cha mshazari na vigingi. Hakuna haja ya kuiondoa nguzo nzima. Kazi ya chokaa isifanywe wakati wa baridi kali, maana baridi huiharibu kabla haijashika. Msubiri majira ya kuchipua.

Tena kuna la kisheria, na pengine hili ndilo litakalomsimamisha upesi zaidi. Kama nyumba yenu iko kwenye Grande-Île, ule mji wa kale ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1988, au karibu na jengo lolote lililohifadhiwa, kazi inayobadilisha sura ya nje inahitaji kibali, na msanifu wa serikali anayesimamia majengo ya kale hutoa maoni yake. Maombi hupelekwa ofisi za manispaa. Nendeni pamoja, mchukue picha za ukuta ulivyo sasa, mkaulize kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujafunguliwa.